Kiti Chini ya Mwembe Nacho ni Haki

Mvua zikishakatika, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, Bujumbura yote inatoa viti nje. Viti vya plastiki, mabenchi ya mbao, meza zilizopigwa misumari jana. Diaspora wanashuka kutoka Ubelgiji na Kanada, harusi zinafuatana Jumamosi kwa Jumamosi, tarehe 1 Julai nchi inakumbuka Uhuru wake wa 1962, na simu zetu zinajaa zile orodha za kila mwaka: wapi pa kunywa bia baridi huku unatazama machweo. Saga. Bora Bora. Cercle Nautique, pale viboko wanapoinua vichwa majini jioni. Sisi nasi tunazisoma. Ni sehemu nzuri, hatuna ugomvi nazo, na ziwa Tanganyika halijawahi kumkatalia mtu kulitazama.

Ugomvi wetu uko kwingine. Kuna sheria moja haijaandikwa popote lakini wote tunaijua. Inasema hivi: bustani ya bia ni ya mwenyeji, ni ya diaspora, ni ya mtalii, ni ya mfanyakazi wa shirika akitoka kazini. Mkimbizi akikaa pale, huyo amekosea njia. Chupa ikiwa mbele yake, tayari kuna mtu anapiga hesabu: pesa ametoa wapi? Kama ana ya bia, kwa nini anaomba msaada? Ati shida zake ni za kweli huyu?

Tunaandika kwa sababu hesabu hiyo imeshamgharimu mwenzetu.

Ni fundi wa simu. Aliomba msaada mdogo wa kukuza biashara kwenye shirika moja, jina tunaliacha. Dosye yake ilikuwa imepita hatua zote, imebaki sahihi tu. Jioni moja mfanyakazi wa shirika hilo alimkuta kwenye kabare huku Bwiza, amekaa na wateja wake watatu, mezani Primus nne. Ya kwake alinunuliwa na mteja aliyefurahi kurudishiwa simu ikiwa nzima na picha za marehemu mama yake zote zimo ndani. Wiki iliyofuata akaambiwa dosye "inaangaliwa upya". Akauliza kwa nini. Akajibiwa kwa sauti ya chini, kama vile anafanyiwa wema: "Kaka, wewe ulionekana unakunywa. Mtu anayekunywa hatuwezi kumweka kwenye orodha ya wenye shida."

Mpaka leo inaangaliwa upya.

Basi sasa na sisi tuangalie upya. Tuanze na hiyo kabare yenyewe, maana tunaona wengi wanaoitolea hukumu wanaipita kwa gari kioo kikiwa juu.

Kabare ya kartié si zile za kwenye orodha. Ni ua wa nyumba ya mtu, mwembe mmoja au mparachichi, viti kumi na viwili, jiko la mkaa pembeni, mzee anayegeuza brosheti za mbuzi na ndizi za kuchoma. Ukibahatika kuna ndagala wa kukaanga, siku nzuri kuna mukeke. Mlangoni hulipi kitu. Hakuna wa kukuuliza umevaa nini. Serveze anakuuliza jambo moja tu: ya baridi au ya moto? Na miaka hii ambapo mafuta ya gari hayapatikani, fedha za kigeni hazipatikani, na vinywaji vya Brarudi navyo vimekuwa vya kutafuta mtaa kwa mtaa, hata swali hilo mara nyingine limekosa maana. Watu wanakuja hivyohivyo. Wanakaa. Hilo tunaomba mlishike: wanakuja hata bia ikiwa haipo.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu sisi ile kabare ndiyo ofisi. Sisi hatuna ofisi nyingine. Fundi anapata kazi pale. Dada anayesuka anapata mteja wa harusi pale. Mtu aliyevuka Rusizi jana anapata pale jina la mwenye nyumba ambaye hataomba kodi ya miezi mitatu mbele. Februari 2025, maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu walipovuka kutoka Kivu Kusini wakiingia Cibitoke, wengine wakilala uwanjani Rugombo, sisi wa Bujumbura tulizijua habari za nani amefika na nani hajaonekana tukiwa chini ya mwembe, kabla karatasi yoyote haijabandikwa ukutani. Mtu alikuja na jina, mwingine akasema "huyo nilimwona darajani", na mama mmoja akaacha kulia. Hakuna aliyesaini fomu.

Msiba ukitokea, mchango unaanzia pale. Anayehamishiwa kambini, Musasa au Bwagiriza au Kavumu, anaagwa pale. Mtoto akifaulu mtihani, baba anakuja kujisifu pale, na ananunua ya kwake moja na za wenzake anaahidi mwezi ujao.

Halafu mjue pia: karibu nusu ya kundi letu hawanywi pombe kabisa. Kuna wenzetu Waislamu, wamekulia Buyenzi, kuna walokole ambao chupa ya Amstel hawaigusi hata kuihamisha meza. Wanakaa na Fanta yao, saa tatu nzima, Fanta imeshapata moto. Nao wamewahi kuambiwa "mlionekana kabare". Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni pombe. Kinachowaudhi watu ni mkimbizi kuonekana amekaa, amecheka, hana haraka.

Sasa tuseme habari ya haki, maana ndugu zetu wa mashirika wanalipenda hilo neno na sisi wametufundisha kulipenda. Tumehudhuria mafunzo mengi. Tumepewa kalamu, tumepewa maji ya chupa. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 lina vifungu 30, na katika mafunzo yetu tunapitishwa kwa haraka kwenye maisha, usalama, elimu, hifadhi. Kifungu cha 24 tumekisoma wenyewe. Kinasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata muda wa starehe. Kila mtu. Hakuna sehemu iliyoandikwa "baada ya kuthibitishiwa hadhi yake". Hakuna sehemu iliyoandikwa "akishatoka kwenye orodha". Waliokiandika kifungu hicho walikuwa wametoka kwenye vita iliyojaza Ulaya wakimbizi, na hawakuona aibu kuweka mapumziko kwenye tamko moja na kukataza utumwa.

Na tukiongea habari za kuvuka mipaka, hebu tuitazame chupa yenyewe. Primus si mzaliwa wa hapa. Ilianza kupikwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1920. Mwaka 1955 kampuni ileile ya Léopoldville ikaja kuanzisha kiwanda Usumbura, ndiyo Bujumbura hii, na ndivyo Brarudi ilivyozaliwa. Leo Primus ni Mrundi kamili. Iko kwenye mahari, iko kwenye msiba, iko kwenye mikutano ya wakubwa, serikali ina hisa kwenye kiwanda na inakusanya kodi kwa kila chupa. Ilitoka Kongo kama sisi. Yenyewe ilipewa kiwanda, sisi tunaulizwa tunarudi lini.

Juni 2025 Heineken, wenye kampuni, walitangaza kwamba wamepoteza udhibiti wa mitambo yao Goma na Bukavu na kwamba wameondoa wafanyakazi wao kule. Hata kampuni ya bia ilikimbia vita, bwana. Hatukusikia mtu akiiuliza kama bado ina haki ya kuuza.

Na hapo kwenye kodi tusipite haraka. Kuna watu wanasema mkimbizi hachangii chochote. Kila chupa ambayo fundi wetu alinunuliwa, na kila Fanta ya yule mlokole, kodi yake imeingia kwenye hazina ya Burundi. Ukitaka kutuhesabia chupa, hesabu na hiyo.

Tena wenyeji wetu wanajua maana ya kunywa pamoja kuliko mtu yeyote anayekuja kutufundisha "kuishi kwa amani na jamii". Nchi hii, toka zamani, jambo halijaisha mpaka watu wamekunywa. Impeke ya mtama kwenye chungu kimoja, mirija mingi, wazee wamekizunguka. Urwarwa ya ndizi inayobebwa kichwani kwenda kwa mkwe. Bashingantahe wakimaliza kusuluhisha ugomvi wa shamba, waliogombana wanakunywa pamoja mbele ya majirani, na hapo ndipo kila mtu anaamini kuwa wamepatana kweli. Kumkatalia mtu pombe yake, au kukaa mbali pombe inapoletwa, ni kusema: sisi na nyie hatujuani.

Sasa sisi tumekaa kwenye kartié hizi miaka mitano, kumi, wengine tumezaliwa humu. Mnataka tujuane na wenyeji, mnapanga bajeti, mnakodi ukumbi wa hoteli, mnaleta mwezeshaji na karatasi za rangi. Na wakati huohuo mnatuambia tusionekane pale ambapo jirani Mrundi anakaa kila Jumamosi na amewaita wenzetu kwa majina yao, amesema "njoo, keti". Kabare inafanya kazi hiyo bure, tena kila wiki, tena bila ripoti.

Tunajua mtakachotujibu. Tukianze wenyewe.

Mtasema bia inakula pesa ya watoto. Ni kweli. Tumeona baba anakunywa kodi ya nyumba, tumeona mama anamngojea mlangoni na mtoto mgongoni. Tumeona kipigo kilichofuata. Hatutetei hilo, na mwenye kufanya hivyo asijifiche nyuma ya maandishi yetu. Pia aliye chini ya miaka 18 haya hayamhusu. Lakini jiulizeni: yule baba mnamsaidia vipi kwa kumfuta fundi wa simu? Mlevi wa kweli hakai uwanjani akionekana. Ananunua kile kikali cha kienyeji, anakunywa nyuma ya nyumba peke yake, na nyie hamtamwona kamwe. Aliye chini ya mwembe ana macho ya majirani ishirini juu yake, na akizidi, kuna mzee atamwambia "inatosha, nenda kwako". Mkiwatisha watu watoke uwanjani, mnawasukuma nyuma ya nyumba.

Mtasema ni suala la usalama. Hapo tunaongea taratibu, kwa heshima. Hatuhitaji kufundishwa. Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 wa Kibanyamulenge waliuawa usiku kwenye hema zao. Walikuwa wamelala. Gatumba hiyohiyo, tarehe 18 Septemba 2011, watu wenye silaha waliingia kwenye baa na kuua zaidi ya watu 30 waliokuwa wanaburudika. Mwaka 2015 na baada yake maguruneti yalirushwa kwenye kabare za mji huu. Waliokuwa hemani walikufa, waliokuwa baa walikufa. Mauaji hayakuuliza nani anapumzika na nani anateseka. Anayejali usalama wetu atusaidie kwa jambo moja la kila siku: njia ya kurudi nyumbani. Kijana wetu akitoka kabare saa mbili usiku akakutana na msako, mwenyeji anaonyesha kitambulisho anapita, yetu kadi inageuzwageuzwa, inaulizwa maswali, mpaka mfuko uongee. Hilo ndilo la kuitia mkutano.

Na mtasema: wafadhili wakiona picha za wakimbizi wanakunywa bia, watasemaje? Hili ndilo jibu la kweli, mengine yote ni mapambo yake. Mnaogopa picha. Sawa, tuzungumze picha. Mkimbizi wa kwenye picha zenu ana nguo moja, ana mtungi, anatazama chini. Tunamjua, sisi sote tumewahi kuwa yeye kwa wiki fulani ya maisha yetu. Lakini wiki ile iliisha. Baada yake kuna miaka, na miaka ina Jumamosi. Mnataka tufanye nini Jumamosi?

Tuongeze moja ambalo huwa hamlisikii, maana wanaolibeba hawapewi kipaza sauti. Wale maserveze. Wengi wao ni dada zetu, wakimbizi kama sisi, na kwenye bustani kubwa na kabare ndogo hali ni moja: wengine hawana mshahara wowote, wanaishi kwa kile mteja anachoacha mezani. Chupa ikivunjika, wanakatwa. Mteja akimshika kiuno, anaambiwa avumilie, mteja ni mfalme. Saa nne usiku anarudi kwa miguu. Ukiwa kweli una uchungu na bustani za bia, uchungu wako uanzie hapo. Mwandikie mwenye bustani unayoipenda, yule unayempa nyota tano kwenye simu, umuulize: huyu dada unamlipa ngapi? Sisi tumeanza kuuliza. Kabare mbili tumeacha kwenda kwa sababu ya majibu tuliyopewa. Huo ndio ukali tunaoutaka juu ya bia, na tungependa kuona mashirika yanausaidia, badala ya kutuhesabia chupa.

Jambo la mwisho ni lile ziwa.

Kwenda Saga au Bora Bora unashika barabara iitwayo Chaussée d'Uvira. Jina la mji tuliotoka. Ukifika, ukakaa, ukaagiza, mbele yako kuna maji, na ng'ambo ya maji kuna milima, na jua linashuka nyuma ya milima hiyo. Orodha zote zinayasifia machweo hayo, na kweli hayana mfano. Ile milima ni Kongo. Uvira iko chini yake, si kilomita 30 kutoka kiti ulichokalia. Kuna mwenzetu anaweza kukuonyesha kwa kidole upande ilipo nyumba ya bibi yake. Yaani kitu mnachokuja kukitazama na glasi mkononi ni kwetu.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye bustani za ufukweni na yakaingia Gatumba kwenye nyumba za watu. Ziwa halikubagua. Tunaomba na nyie msibague. Ukikuta kijana wa Uvira amekaa pale mchangani siku moja kwa mwaka, amejichanga na wenzake watano wakanunua chupa mbili, usimuulize pesa ametoa wapi. Amekuja kutazama nyumbani, na kutoka pale ndipo panapoonekana.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, ni machache.

Kwanza, dosye ya mtu iamuliwe kwa yaliyomo ndani ya dosye. Aliyeonekana wapi, na nani, na chupa gani, hiyo si taarifa ya kazi, huo ni umbea. Mfanyakazi atakayeleta umbea kwenye kikao aambiwe ni umbea.

Pili, ile ya fundi wetu ifunguliwe. Wenyewe wanajijua.

Tatu, mkitaka kusikia vijana wakimbizi wa mjini wanaishi vipi, mtufuate mahali tunapokaa. Siku moja mkutano ufanyike kartié, chini ya mwembe, viti vyetu, Fanta yenu. Pesa ya ukumbi wa hoteli ibaki ilipe maserveze wawili mwezi mzima.

Nne, na hili ni letu sisi vijana wenyewe: tukae vizuri. Asiyekunywa asilazimishwe. Anayekunywa ajue kodi ya nyumba iko wapi kabla hajaagiza. Dada anayetuhudumia aitwe kwa jina, alipwe, asindikizwe. Bustani tunayoidai iwe ya kudaiwa kweli.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatukatai, jembe tumelishika, tena wengine tunalima, tunashona, tunafyatua matofali, tunatengeneza simu za watu wanaotuhukumu. Lakini hata mwenye jembe jua likizama anaondoka shambani. Anatafuta kivuli, anatafuta wenzake, anakaa.

Kiangazi ndicho hiki, viti viko nje. Jumamosi tutakuwa pale pale, kuanzia saa kumi na moja, na fundi wetu atakuwepo na bisibisi zake. Njooni mketi, simu mbovu mje nazo.